Chungu Kidogo Hakitengenezi Bonsai

Wateja wengi huniletea mche mwembamba ambao wameshaupanda kwenye chombo kifupi, wakaunyima mbolea na kuubania maji, wakiamini kwamba njaa na ufinyu wa chungu ndivyo vinavyozaa bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni wenye umbo la mti mkubwa. Si kweli hata kidogo. Shina hunenepa kwa nguvu ya majani linayoyabeba na mizizi inayolilisha, na vyote viwili vinahitaji nafasi. Mche unaofungiwa mapema kwenye chungu hubaki mwembamba kwa miaka mingi, na mwenyewe huishia kulaumu aina ya mti. Chungu hutunza umbo lililokwisha kupatikana. Ndiyo maana mti uliokulia bustanini ni hazina, kwa kuwa unene wa shina tayari upo.

Kazi huanza mti ukiwa bado ardhini. Chimba mfereji kuzunguka nusu ya shina, ukate mizizi minene, kisha ufukie. Msimu unaofuata umalize nusu iliyobaki, ili vimizizi vipya viote karibu na shina kabla mti haujang'olewa. Shina refu hukatwa kwa msumeno, mkato ukiwa wa mshazari, juu kidogo ya tawi litakalokuwa kilele kipya. Tawi hilo liachwe likue bila kuguswa mpaka unene wake ukaribiane na ule wa mahali pa mkato, kwani hapo ndipo shina linapopata umbo la kupungua taratibu kuelekea juu. Narudia kwa kila anayenijia: usilipogoe mapema! Haraka ya hatua hii huacha kisiki kinene chenye kijiti juu yake. Tahadhari nyingine ni kwamba mikuyu na bogenvilia huvumilia mkato wa namna hii, lakini msonobari usiobakiziwa sindano chini ya mkato kwa kawaida hauchipui tena.

Mti ukishang'olewa, nashauri ukae kwanza katika sanduku la mbao lenye matundu na udongo wa chembe kubwa usiotuamisha maji, mpaka mizizi ijae. Chungu kifupi kitasubiri.

Wapo wanaoogopa kwamba kukata mzizi mkuu ni kuua mti, ilhali kazi kubwa ya mzizi huo katika mti uliokomaa ni kuushikilia, na maji hufyonzwa na vimizizi. Mbegu maalumu za bonsai hazipo, bali ni mbegu za miti ya kawaida. Bonsai si pambo la sebuleni, kwani miti iliyo mingi hudhoofika kwa kukosa mwanga wa nje. Kumwagilia hakufuati kalenda: gusa udongo, na ukianza kukauka juu, mwagilia mpaka maji yatoke chini.

Kuhusu waya unaozungushiwa tawi ili kulipa umbo, hauachwi mpaka tawi liwe gumu bila kukaguliwa. Ukianza kuzama kwenye gome, ukate vipande vipande kwa koleo, wala usiufungue kwa kuuzungusha, maana tawi huvunjika.