Pazia lisilofika ukutani

Kazi yangu ni kupanga maduka. Mtu akishalipia fremu ananipigia simu: "Fundi, njoo uone, nataka rafu, nataka kaunta, nataka taa." Mimi ni mwanamke, lakini kwa simu za kazi ni fundi tu, nimeshazoea. Katika miaka yote hii sijapata mteja aliyeanza na chumba cha kujaribia nguo. Hicho huja mwishoni, hesabu ya alumini na mbao imeshafungwa, na kona iliyobaki ni ile yenye ndoo ya deki na mita ya umeme. "Hapo weka pazia tu," anasema bosi. Ugomvi wetu huanzia hapo.

Majuzi dada mmoja msomaji kaniandikia. Duka analonunua nguo za kazini limefanyiwa ukarabati, na vibao vya "Wanawake" na "Wanaume" vimeondolewa. Vyumba vyote sasa ni vya wote. Alifika mlangoni, akamkuta kaka anatoka anafunga mkanda, akageuza na gauni lake mkononi akalirudisha kwenye henga. Anauliza: ni usalama gani huo, au yeye ndiye mshamba?

Si mshamba. Ila nianze na jambo ambalo wengi hatulitazami: kwetu chumba cha wote si kitu kigeni. Kariakoo, kwenye fremu ya mita tatu kwa nne ambayo kodi yake inamnyima mtu usingizi, nani ataweka vyumba viwili? Pazia ni moja. Anatoka kijana na kadeti yake, anaingia mama na gauni la sendofu ya mdogo wake. Pale Karume kwenye mitumba hata pazia halipo: jinzi unaivalia chini ya kanga, pindo umeliuma kwa meno, mkono mmoja unavuta zipu, na muuzaji hakuangalii kwa sababu anapiga debe. Na wapo wasiojaribu kabisa, hasa dada zetu wa buibui. Suruali wanaizungusha shingoni, kiuno kikikutana kwa nyuma basi itaenea, wanalipa, mengine nyumbani.

Kwa hiyo swali la nani aliyetangulia kuingia mimi naliweka pembeni kwanza. Naangalia kile kisanduku chenyewe: kuta zake zimefika wapi, kinafungwa na nini, taa imekaa upande gani, kioo kiko wapi. Nimeingia vyumba vilivyoandikwa "Wanawake" ambavyo nisingemruhusu binti yangu avue hata sweta.

Taa naijua kwa aibu yangu mwenyewe. Kuna duka nililipanga Sinza, nikataka liwe la kisasa. Kioo nikakiweka ukuta wa nyuma wa kile chumba, nikakizungushia taa nyeupe kama za saluni. Pazia likawa jepesi, rangi ya maziwa, limening'inia vizuri kweli. Jioni ya siku ya kufungua nimesimama ng'ambo ya barabara nasubiri bodaboda, nageuka kuangalia kazi yangu kupitia vioo vya mbele, namwona mwanamke anavua blauzi. Simwoni yeye, naona kivuli chake, mkono kwa mkono, hadi kishikizo. Pembeni yangu wazee wa kahawa wameshanyamaza na vikombe mkononi. Nilivuka barabara bila kuangalia magari nikaenda kuzima swichi.

Ukifikiria ni hesabu rahisi. Taa nyuma, mwili katikati, kitambaa mbele: umejenga sinema. Kadiri duka linavyokuwa na giza kuliko kile chumba, ndivyo picha inavyokolea, na umeme ukikatika halafu jenereta ikawasha taa za kile chumba tu, mambo huwa mabaya zaidi. Siku hizi taa naipeleka juu, karibu na upande wa mlango, ili kivuli kiangukie ukuta wa nyuma ambako hakuna mtu. Kioo kinahamia ukuta wa pembeni. Pazia, kama bosi amekataa katakata mlango, lazima liwe na bitana.

Na upana wake. Uwazi ni sentimita 90, bosi anakata kitambaa cha sentimita 90, anaona amebana matumizi. Pazia likivutwa linabaki na nyufa mbili, kushoto na kulia, na mteja anavaa akiwa amelishika kwa mkono mmoja. Mimi nadai mara moja na nusu ya uwazi, yaani sentimita 135 si chini ya hapo, na kingo zishikwe ukutani kwa sumaku au velkro. Hata hivyo pazia ni pazia. Kijana wa dukani anaweza kulifungua kwa nia njema kabisa: "Dada, imekukaa?" Huku kashalivuta. Wengi wetu hatukumbuki mtu tuliyepishana naye pale mlangoni, tunamkumbuka huyu.

Dawa yake ni ya shilingi chache. Nafunga ndoano kwa nje, usawa wa bega. Ukihitaji saizi nyingine unasema, muuzaji anaitundika pale, anagonga, anaondoka. Mkono wake hauingii ndani. Duka la kwanza nililoifunga ndoano hiyo walianza kutundikia mwavuli wa bosi, lakini walielewa baadaye.

Sasa mwanya wa chini. Kila mwenye duka atakwambia anauacha kwa sababu ya wizi: ukiziba hadi sakafuni, watu wanavaa blauzi tatu juu kwa juu wanaondoka. Ni kweli, yanatokea. Lakini mwanya hauzuii hilo, unaonyesha miguu tu, na miguu ya mwizi haina tofauti na ya mteja. Kinachozuia ni kuhesabu nguo anapoingia na kumpa kibao chenye namba: umeingia na nne, utoke na nne. Mwanya wa sentimita 30 kazi yake kubwa ni kupitisha hewa na simu. Simu haihitaji hata hizo 30, inapita penye sentimita moja ikiwa imelazwa. Na mwanya mbaya kuliko yote hauko chini ya mlango, ambako kuna watu wanapita. Uko chini ya ukuta unaotenganisha vyumba viwili vilivyobanana. Pale mkono unaweza kunyooshwa na asiyeuona ni kila mtu, wakiwemo wahudumu.

Hapa ndipo hofu ya dada yangu yule ina msingi. Mwaka 2018 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilikusanya taarifa za malalamiko ya udhalilishaji na kuchunguliwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya mabwawa ya kuogelea na vituo vya michezo. Malalamiko 134, na 120 kati yake yalitoka kwenye vyumba vya wote. Takwimu hiyo haisemi vyumba vya kila aina vilikuwa vingapi, kwa hiyo usiigeuze kuwa uwiano wa hatari. Lakini siidharau hata kidogo. Kwenye bwawa vile vyumba hujengwa kama safu ya vibanda vilivyo wazi juu na chini, na vikishakuwa vya wote, mwanamume mwenye nia mbaya ana sababu halali ya kuwa kwenye kibanda kilichopakana na cha mwanamke. Kibao cha "Wanawake" kilikuwa kinafanya kazi moja kubwa: kilimfanya aonekane. Ukikiondoa kibao, kazi hiyo lazima uikabidhi kwa kitu kingine, na ninachokijua mimi ni ukuta uliofika sakafuni na darini, pamoja na komeo la ndani. Duka lililoondoa kibao na kuacha vibanda vilevile vya zamani limepunguza ulinzi bila kulipa chochote badala yake. Kama ndivyo lilivyo duka lako, dada, ulifanya vizuri kulirudisha gauni.

Lakini kama ni chumba kamili cha mtu mmoja, nakitetea. Baba aliyekwenda kumnunulia binti yake wa miaka sita sare ya shule aende wapi? Mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka tisa, anayekataa kuingia kwa wanawake na hawezi kuachwa kwenye korido? Mzee anayesaidiwa na mkewe kuvaa? Hawa kibao kiliwasumbua siku zote ila hawakulalamika. Kimoja kati ya vyumba kikiwa na nafasi ya mita moja na nusu kuzungusha kiti cha magurudumu, umemaliza shida ya watu wengi.

Kuna kosa ambalo hata maduka ya gharama hulifanya: kioo kiko nje. Ndani umewekewa kijikioo cha uso, kile kirefu kipo kwenye korido, ili utoke, wahudumu wakusifu, ununue. Ni mbinu ya kuuzia nguo, naielewa. Kwenye korido ya wanawake peke yao inavumilika. Kwenye korido ya wote, na benchi la waume wanaosubiri wakichezea simu, maana yake ni kwamba mwanamke anajionyesha zipu ikiwa nusu mgongoni mbele ya watu asiowajua, au hanunui. Chumba kikiwa cha wote kioo kirefu kinaingia ndani. Hili sibishani na mteja. Asipotaka, atafute fundi mwingine.

Kamera. Watu wanaogopa zile za kujificha, na sawa, zipo: kuna zinazouzwa zikiwa na umbo la ndoano ya kutundikia nguo, king'amua moshi, hata chaja ya simu. Korea Kusini mwaka 2018 makumi ya maelfu ya wanawake waliandamana Seoul kwa sababu ya picha za namna hiyo. Lakini kwenye maduka yetu tatizo ninalokutana nalo zaidi ni kamera ya kawaida kabisa, ya kukamata wezi, iliyofungwa darini juu ya chumba kisicho na dari. Fundi wa kamera alielekezwa "ione duka zima", na ikaona duka zima. Nilishaonyeshwa na bosi mmoja, kwa fahari, jinsi anavyolifuatilia duka lake kwa simu akiwa nyumbani, na kwenye pembe ya skrini kulikuwa na utosi na mabega ya mteja anayevua shati. Hakuwa amegundua. Nilimwomba aniletee ngazi palepale.

India ilikuwa habari ya kitaifa: Aprili 2015, Smriti Irani, wakati huo waziri, alikuwa Goa ananunua nguo akaona kamera ya duka imeelekea upande wa chumba cha kujaribia. Polisi wakaitwa, kampuni ikajitetea kwamba ni kamera ya ulinzi tu. Huenda. Ndiyo maana nasema kila chumba kiwe na kifuniko juu, hata kama ni jipsamu nyepesi.

Kioo cha kuonea upande wa pili nacho kina hadithi nyingi. Ile ya kugusisha kidole, eti kukiwa hakuna nafasi kati ya kidole na taswira yake basi unachunguliwa, haiaminiki. Nafasi ile inaonyesha tu rangi ya fedha imepakwa upande upi wa kioo. Kioo cha kuchungulia hufanya kazi pale tu nyuma yake pakiwa na giza kuliko ulipo wewe. Kwa hiyo bandika uso kwenye kioo, zungushia viganja kuzuia mwanga, kisha washa tochi ya simu na uiegemeze kwenye kioo. Kama kuna chumba nyuma utakiona. Na gonga: kilichobandikwa ukutani hakilii kama kilichofunika tundu.

Ukikuta kamera usiing'oe. Ipige picha, toka, nenda polisi. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Wenye maduka nao wajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na picha za wateja ni taarifa binafsi. Jirani zetu Kenya wameshaonja: mwaka 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Na yule alikuwa amevaa nguo zote.

Marekani ugomvi uliwaka Aprili 2016, duka kubwa la Target lilipotangaza kwamba mtu anaweza kutumia choo na chumba cha kujaribia kinacholingana na jinsia anayojitambulisha nayo. Zaidi ya watu milioni moja wakasaini kulisusia. Miezi michache baadaye kampuni ikasema itatumia dola milioni 20 kuongeza vyoo vya mtu mmoja vyenye kufuli. Mimi kama fundi niliisoma habari ile nikacheka kidogo: kelele zote zile, na mwishowe ameitwa seremala.

Kazi niliyonayo sasa ni duka Mtaa wa Narung'ombe, vyumba viwili, vya wote. Jana jioni tulivijaribu kama ninavyofanya kila mara kabla ya kukabidhi: msaidizi wangu kaingia na jinzi, kajifungia, mimi nje nimepiga magoti na simu, kisha juu ya stuli, kisha nimezima taa za duka nikaacha zake. Chini safi, juu safi, kivuli hakuna. Upande wa bawaba mlango ukifungwa unabaki ufa mwembamba wa mwanga, kama upana wa penseli. Nimesogeza jicho nikaona soksi yake ya njano. Bosi anasema huo haumdhuru mtu. Leo asubuhi nimeagiza mpira wa kuziba, mita nne.