"Nimepiga asilimia 50": dhana potofu kuhusu kupima faida ya mtaji uliouweka kwenye biashara

Kuna kauli naisikia karibu kila watu wakianza kuongelea biashara, "mimi pale nimepiga asilimia 50", na hapo wote wanaitikia, hakuna anayeuliza kitu. Mimi huwa najiuliza asilimia 50 ya nini, kwa muda gani, na nani amefanya kazi bure mpaka hiyo namba ikatoka. Nimeona watu wenye akili na bidii wakimaliza akiba ya miaka sio kwa uvivu wala bahati mbaya, ni kwamba namba waliyokuwa wanaiangalia sio iliyotakiwa kuangaliwa, na hilo linaniuma kwa sababu hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kugawanya tu.

Dhana: ukiweka faida kubwa kwenye bei ndio mtaji unazaa sana

Hapa watu wanachanganya vitu vitatu. Umenunua kitu kwa 80 ukauza 100, umeongeza asilimia 25 juu ya bei ya kununulia, lakini hiyohiyo 20 uliyopata ukiipima kwenye mauzo ni asilimia 20. Na zote mbili hazijakwambia bado mtaji wako unazaa kiasi gani kwa mwaka, maana hazijui mzigo umezunguka mara ngapi.

Chukua mtu anayebakiwa na asilimia 5 tu kwenye mauzo baada ya gharama zote, lakini mauzo yake ya mwaka ni mara 12 ya mtaji aliouweka. Mtaji wake umezaa asilimia 60. Mwingine anabakiwa na asilimia 30 na anamcheka huyu wa kwanza, ila mzigo wake umelala, mauzo ya mwaka mzima yanalingana na mtaji, basi amepata asilimia 30 hiyohiyo. Hesabu hii ya kuzidisha faida ya mauzo kwa mzunguko wa mtaji ilipata umaarufu kupitia Donaldson Brown wa kampuni ya DuPont kule Marekani miaka ya 1910, na alipohamia General Motors akaendelea nayo. Naipenda kwa sababu inakuonyesha pa kugusa: tatizo liko kwenye bei na gharama, au liko kwenye mzigo unaokaa sana.

Dhana: asilimia ni asilimia, muda tutaujua baadaye

Hapana kabisa. Asilimia 50 kwa miezi sita na asilimia 50 kwa miaka mitano ni vitu viwili tofauti. Halafu wale wanaokumbuka muda wengi wanagawanya tu, 50 kwa 5, wanasema "napata 10 kwa mwaka". Jaribu kinyume chake: weka 100,000 mahali panapozaa asilimia 10 kila mwaka na faida uiache humohumo, mwaka wa tano ukiisha una 161,051, sio 150,000. Kilichokupa 150,000 kilikuwa kinazaa kama asilimia 8.45 kwa mwaka. Pengo linaonekana dogo lakini ukilinganisha na sehemu nyingine inayotoa 9 kwa mwaka, tayari umeshachagua vibaya.

Kuna njia ya haraka ya kichwani: chukua 72 gawanya kwa asilimia ya mwaka, unapata takriban miaka ya hela kuwa mara mbili. Asilimia 12, miaka 6.

Kosa la upande wa pili ni la anayepata dili moja la wiki moja lenye asilimia 5 anazidisha kwa wiki 52 anatangaza asilimia 260 kwa mwaka. Ingekuwa kweli kama dili hilo lingejirudia kila wiki bila kukosa na hela isikae bure hata siku moja, na wewe na mimi tunajua dili hazikai foleni hivyo.

Na wastani nao unadanganya. Mwaka wa kwanza mtaji umepanda asilimia 100, wa pili umeshuka asilimia 50, mtu anajumlisha na kutoa anagawanya kwa mbili anasema wastani wake ni 25. Lakini 100,000 imekuwa 200,000 ikarudi 100,000. Amepata sifuri!

Dhana: kinachobaki baada ya kulipa bili ndio faida

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Sema umeweka mtaji wa 2,000,000, mwaka umeisha umelipa kila mtu umebaki na 900,000. Unasema asilimia 45, safi. Sasa nikuulize, wewe umefanya kazi hapo siku ngapi? Kila siku, asubuhi mpaka usiku. Ungeajiriwa kufanya kazi hiyohiyo kwa mwingine ungelipwa, tuseme, 60,000 kwa mwezi, mwaka ni 720,000. Toa, inabaki 180,000, yaani asilimia 9. Chumba unachotumia ni chako hulipi kodi, sawa, lakini ungempangisha mtu mwingine kwa 10,000 kwa mwezi ungepata 120,000. Toa tena, inabaki 60,000, asilimia 3. Na kuna mashine ya 500,000 ambayo baada ya miaka mitano itakuwa chuma chakavu, kila mwaka imekula 100,000 hata kama hakuna aliyekuja kukudai. Umeshuka chini ya sifuri kwa 40,000.

Sio kwamba biashara hiyo ufunge, naomba nieleweke. Inawezekana inakulisha na kukupa uhuru, na hayo yana thamani. Ninachosema ni kwamba kinachozaa pale ni mikono yako, sio mtaji. Hilo linakuwa kubwa siku unapotaka kufungua tawi la pili ukamwajiri mtu asimamie na ukapanga chumba cha kulipia, ndipo unashangaa mbona la kwanza lilikuwa linalipa na hili halilipi, kumbe la kwanza lilikuwa linabebwa na mshahara wako ambao hukuwahi kujilipa.

Upande wa mtaji pia watu wanasahau. Wanahesabu mashine tu, wakati stoki iliyoko ndani, madeni ya wateja ambao hawajalipa na hela ya kuzungushia mwezi mzima vyote ni mtaji umefungwa humo. Ukipunguza kinachogawanya, asilimia lazima itoke nzuri.

Dhana: nimepata asilimia 40 kwa hela yangu, basi biashara ina nguvu

Inategemea hela yako ilikuwa kiasi gani na ya kukopa kiasi gani. Kitu cha 1,000,000, umetoa 200,000 mfukoni, 800,000 umekopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Biashara ikiingiza 200,000 kabla ya riba, riba ni 120,000, unabaki na 80,000, ambayo kwa 200,000 yako ni asilimia 40. Tamu. Lakini biashara yenyewe imezaa 20 tu, nyingine imetokana na mkopo. Mwaka unaofuata ikiingiza 100,000, bado inaingiza, haijafa, riba ni ileile 120,000 na wewe una hasara ya 20,000, asilimia 10 ya hela yako imeyeyuka. Kwa hiyo pima mara mbili, mara moja kwenye mtaji wote na mara moja kwenye hela yako.

Na ukilinganisha na riba ya mkopo uangalie riba inahesabiwaje. Mkopo wa 1,200,000 wa mwaka mmoja, "asilimia 12 tu" lakini inahesabiwa kwenye kiasi chote cha mwanzo, unarudisha 112,000 kila mwezi. Unalipa riba kama vile unayo 1,200,000 yote mwaka mzima wakati kila mwezi unaipunguza, na riba halisi kwa mwaka ni karibu asilimia 21 na nusu. Biashara inayozaa 18 ukaona umepita 12, umekopa kwa hasara.

Dhana: nimepata asilimia 20, nimetajirika kwa asilimia 20

Bei za vitu zikipanda asilimia 15 mwaka huohuo, faida yako halisi sio hata 5, ni 1.20 (hela yako ilivyokua) gawanya kwa 1.15 (bei zilivyokua), unapata kama 1.0435, yaani asilimia 4.35. Fupi tu hiyo.

Dhana: mradi wenye asilimia kubwa ndio wa kuchagua

Asilimia 50 ya 10,000 ni 5,000. Asilimia 20 ya 200,000 ni 40,000. Kama lazima uchague mmoja na ile hela nyingine haina pa kwenda, wa asilimia ndogo ndio unakuacha na hela zaidi. Kuna miradi ambayo hata asilimia yenyewe haiko moja: unatoa 100 leo, unaingiza 230 mwakani, halafu mwaka wa pili unatoa 132 kusafisha eneo na kulifunga, kama inavyotokea kwenye machimbo. Ukitafuta kiwango cha faida kwa mwaka kinachofanya hela zinazoingia na zinazotoka zilingane kwa thamani ya leo unapata asilimia 10 NA asilimia 20, na zote ni sahihi kihesabu! Hapo unaacha kutafuta asilimia, unachukua kiwango ambacho hela yako ingekipata kwingine, unashusha kila kiasi cha baadaye kwa kiwango hicho mpaka thamani ya leo, unaangalia kinachobaki ni chanya au hasi.

Dhana: niliinunua kwa 3,000,000, kwa hiyo lazima nipime kwa 3,000,000

Kama unapima uamuzi wa zamani ulikuwa mzuri au mbaya, ndiyo. Ila kama unaamua leo uendelee au uuze, ile 3,000,000 imeshaondoka, hairudi kwa kusubiri. Swali ni leo unaweza kuuza kwa ngapi. Mashine ya 3,000,000 inayokuingizia 150,000 kwa mwaka baada ya gharama zote inaonekana inatoa asilimia 5, mtu anakasirika anataka kuiuza. Lakini sokoni leo wanampa 600,000 tu. Kwa huyo mtu, kuendelea nayo ni sawa na kuweka 600,000 mahali panapompa 25 kwa mwaka, na kabla hajaiuza aangalie itadumu miaka mingapi tena, maana ikifa baada ya miwili atakuwa amekusanya 300,000 tu na kuikosa ile 600,000.