Kumzoesha Punda Aliyeokolewa Akubali Kuguswa

Punda aliyetelekezwa akawa anazurura, au aliyeondolewa mikononi mwa mtu aliyekuwa akimpiga, kwa kawaida hufika akiwa na mahitaji yasiyongoja: vidonda vilivyochubuliwa na kamba za gari visafishwe, kwato zilizorefuka zikatwe, na achanjwe dhidi ya pepopunda, maradhi ambayo wanyama wa jamii ya punda na farasi huyapata kwa wepesi sana kupitia jeraha la msumari au jiwe. Yote hayo yanahitaji mkono wa mtu, na mkono wa mtu ndicho kitu anachokiogopa kuliko vyote.

Njia iliyozoeleka katika vijiji vyetu vya Unguja na Pemba ni kukusanya vijana wenye nguvu, kumfunga punda kwenye mnazi na kumbana mpaka atulie. Tunaishauri jamii iiache njia hii. Kidonda kitasafishwa siku hiyo, lakini kidonda cha mgongoni huhitaji kuoshwa mara nyingi kabla ya kupona, na punda aliyebanwa mara moja huwa mgumu zaidi kukaribiwa mara ya pili. Isitoshe, kule kutulia kwake si kukubali. Punda wa kufugwa ametokana na punda mwitu wa nchi kame za kaskazini-mashariki ya Afrika, na ingawa anaweza kukimbia, mara nyingi anapoogopa husimama akaganda, tofauti na farasi ambaye hukimbilia kutoroka. Mwenye kumtazama kwa haraka atasema amekubali, au atasema ni mkaidi, kumbe mnyama yumo katika hofu kubwa.

Kwa hiyo mzoeshaji hujifunza kwanza kumsoma. Punda mwenye hofu hubana mkia, hukaza shingo na midomo, hupanua pua, na pengine weupe wa jicho huonekana. Anapoanza kulegea, kichwa hushuka, masikio hayasimami tena kwa kukazana, hutafunatafuna bila kuwa na kitu mdomoni, na huweza kupumzisha mguu mmoja wa nyuma. Pumzi nazo zinahesabika kwa mbali kwa kuangalia ubavu. Punda mzima aliyepumzika huvuta pumzi kati ya 12 na 28 kwa dakika, na kwa kuwa joto nalo huzizidisha, ni vyema kuhesabu na kufanya kazi yote hii asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kivulini, kabla jua halijawa kali.

Siku za mwanzo mtu asimguse kabisa. Aingie bandani bila fimbo, aweke maji na majani, akae upande mmoja akiwa amempa ubavu badala ya kumkazia macho, kisha aondoke. Punda huona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia, kwa hiyo anayemkaribia apitie ubavuni, karibu na bega, huku akisema naye kwa sauti ya chini. Ikiwa alikuwa na punda mwenzake, wasitenganishwe, kwani wanyama hawa hushikamana wawili wawili na kutengana huwaongezea dhiki.

Nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 1971 inalinda farasi na punda wa porini, wako wazoeshaji wanaoanza kumgusa mnyama kwa ufito mrefu ili wenyewe wabaki mbali. Kwa mnyama ambaye hajawahi kumjua mtu, njia hiyo ina faida. Punda wetu aliyepigwa kwa miaka anaijua fimbo vizuri mno, na kwa maoni yangu ni heri kuchelewa wiki kadhaa kuliko kumwonesha ufito wowote.

Mguso wa kwanza uwe mwishoni mwa shingo, pale inapokutana na mgongo, kwa sababu hapo ndipo punda wenyewe hukunana kwa meno. Watafiti waliopima mapigo ya moyo ya farasi waliona kwamba kukunwa mahali hapo huyapunguza. Weka kiganja, usipapase, na utasikia ngozi ikitetema chini ya vidole. Uondoe mkono wakati bado ametulia, kabla hajakwepa. Hili ndilo jambo lenye uzito kuliko mengine yote, kwa kuwa punda hujifunza kutokana na kile kinachotokea mara tu baada ya tendo lake: mkono ukiondoka anapotulia, atatulia tena kesho; ukiondoka anaporusha teke, amefundishwa kurusha teke. Watu husema shukrani ya punda ni mateke, lakini teke hilo mara nyingi ni la mnyama ambaye ishara zake zote za awali hazikusikilizwa.

Baada ya siku za kurudia, vidole vikianza kukuna, utaona mdomo wa juu ukirefuka na kuchezacheza. Hapo ndipo mkono uteremke taratibu kwenye bega na mguu wa mbele, na masikio yaachwe mwisho. Kila hatua irudiwe upande wa pili, kisha na mtu mwingine, maana kumzoea mtu mmoja hakumfanyi aamini wote.

Jeraha lenye wadudu au usaha halisubiri mazoezi haya. Mwite daktari wa mifugo ampe dawa ya kutuliza, ili atibiwe bila kubanwa. Na muda wote huo mlisho uangaliwe kila siku, kwa sababu punda anayesusa chakula kwa dhiki, hasa aliyenenepa au jike mwenye mimba, mafuta ya mwilini mwake huweza kuingia kwenye damu kwa wingi na kuharibu ini, na wengi hufa. Akiacha kula, daktari aitwe siku hiyo hiyo.