Mara si ya Julai peke yake

Wateja wengi wanaoingia ofisini kwetu hapa Nairobi huamini kwamba nje ya Julai hadi Oktoba, Maasai Mara hubaki nyasi tupu. Sivyo. Wanaoondoka ni nyumbu na pundamilia wanaofuatana nao, kurudi Serengeti, Tanzania, kufuata mvua na malisho mapya. Simba, tembo, twiga na viboko wa Mto Mara hawaendi kokote. Tena msimu huo wa nyumbu magari hubanana ukingoni mwa mto, kila dereva akiviziavizia nyumbu wavuke, na huenda siku hiyo wasivuke! Januari na Februari kwa kawaida ni kukavu, na vyumba huwa nafuu. Aprili ndiyo simshauri mtu: udongo mweusi wa huko ukilowa, hata Land Cruiser hukwama.