Namba ya ajabu katika besiboli: inahesabu nini, na kwa nini si utabiri

Ikifika Septemba, msimamo wa ligi ya besiboli ya Marekani huongezewa safu moja ndogo. Mbele ya jina la kinara utakuta 16, au 11, au 7, na siku mbili baadaye imeshuka. Wenyewe wanaiita namba ya ajabu. Aliyezoea mpira wa miguu akiiona mara ya kwanza hudhani ni pointi, au labda asilimia ya matumaini. Si pointi wala si asilimia. Ni jibu la swali ambalo shabiki wa Yanga au Gor Mahia hulipigia hesabu za vidole kila mwisho wa msimu: bado ngapi tuwe mabingwa hata wale wa nyuma wakishinda zote?

Kwanza uwanja wenyewe. Ligi hiyo, MLB, ina timu 30 zilizogawanywa sehemu mbili, American League na National League, na kila sehemu ina divisheni 3 za timu 5. Kila timu hucheza mechi 162, karibu kila siku, kuanzia mwishoni mwa Machi. Hakuna sare na hakuna pointi; kuna kushinda na kupoteza tu. Tangu 2022 timu 6 za kila sehemu huingia mchujo: vinara 3 wa divisheni, na 3 nyingine zenye rekodi nzuri kuliko wenzao waliobaki.

Sasa hesabu. Chukua 163. Toa idadi ya mechi alizoshinda kinara. Toa idadi ya mechi alizopoteza anayemfukuza. Kinachobaki ndiyo namba ya ajabu.

Ile 163 inatoka wapi? Anayefukuza, hata akishinda zote zilizobaki, hawezi kupita 162 ukitoa alizokwisha kupoteza. Hiyo ndiyo dari yake. Kinara anahitaji kuivuka dari hiyo kwa ushindi mmoja, na moja hiyo ndiyo inayoigeuza 162 kuwa 163. Tuseme kinara ameshinda 90 na kupoteza 62, na wa pili ameshinda 87 na kupoteza 65. Ukichukua 163, ukatoa 90, ukatoa 65, unabaki na 8. Kinara akishinda, inashuka kwa moja. Wa pili akipoteza, hata kama kinara yuko kwenye ndege siku hiyo, inashuka kwa moja. Wakikutana wao kwa wao na kinara akashinda, inashuka kwa mbili kwa mpigo. Kupanda, dhidi ya mpinzani yuleyule, haiwezi. Ikifika sifuri, kazi imekwisha na shampeni zinafunguliwa.

Hapa pana kitu kingine kinachowachanganya wageni, nacho ni nusu mechi. Utasoma kwamba timu fulani imeachwa mechi 6 na nusu. Hakuna aliyecheza nusu. Unachukua tofauti ya ushindi, unajumlisha na tofauti ya kupoteza, unagawa kwa mbili. Nusu hutokea pale timu mbili zinapokuwa hazijacheza idadi sawa ya mechi, jambo la kila siku katika ligi yenye ratiba iliyobanana namna ile na mvua ya kuahirisha mechi.

Sasa nije kwenye kosa ambalo naliona likirudiwa kila mwaka, hata na watangazaji. Watu huisoma namba ya ajabu kama utabiri. Wakiona 8 wanasema bado safari ndefu. Wakiona 3 wanasema imekwisha. Lakini namba hii peke yake haisemi lolote kuhusu uwezekano. Inasema ni matukio mangapi mazuri yanahitajika, basi. Ili ikuambie kitu, iweke ubavuni mwa namba nyingine: mechi zilizobaki zinazoweza kuipunguza.

Rudi kwenye mfano wetu. Timu zote mbili zimecheza 152, kila moja imebakiza 10. Kama hazikutani tena, kuna mechi 20 ambazo kila moja inaweza kuishusha namba: 10 za kinara, akishinda, na 10 za mfukuzaji, akipoteza. Kinara anahitaji 8 tu kati ya hizo 20. Chukua shilingi uitupe mara 20, ukimhesabia kinara kila inapoangukia kichwa. Kupata vichwa 8 au zaidi hutokea takriban mara 87 katika 100. Vichwa 7 kamili, yaani timu kulingana, ni mara 7 hivi. Mfukuzaji anampita moja kwa moja chini ya mara 6. Kwa hiyo ile 8 iliyoonekana mlima ni karibu mteremko. Na pengo la mechi 3, ambalo kwenye redio litaitwa pengo dogo, zikibaki mechi 10 si dogo hata kidogo.

Mwaka 1964 Philadelphia Phillies waliwaonyesha Wamarekani upande wa pili wa jambo hili, na wazee wa mji ule bado hawajasahau. Hadi jioni ya Septemba 20 walikuwa wameshinda 90 na kupoteza 60. Waliowafuata, Cincinnati Reds na St. Louis Cardinals, wote walikuwa 83 kwa 66. Pengo ni mechi 6 na nusu. Namba ya ajabu: 163 toa 90 toa 66, ni 7. Phillies walibakiza mechi 12, Cardinals 13. Matukio 25, yanahitajika 7. Kwa shilingi yetu, nafasi ya kumshinda Cardinals ilizidi asilimia 99.

Kesho yake walipoteza 1-0 kwa Reds, mkimbio pekee, yaani bao la besiboli, ukipatikana Chico Ruiz wa Reds alipoiba kituo cha nyumbani, kwa maana ya kukimbilia kituo cha kufungia bila mwenzake kuupiga mpira, jambo la hatari ambalo hata wenzake hawakulitarajia. Wakapoteza tena. Na tena. Mechi 10 mfululizo: 3 kwa Reds, 4 kwa Milwaukee Braves, 3 kwa Cardinals. Walikuja kushinda 2 za mwisho, zikiwa zimechelewa. Cardinals wakamaliza 93 kwa 69, Phillies na Reds 92 kwa 70. Katika matukio yale 25, yaliyowaangukia Phillies ni 5: ushindi wao 2, na Cardinals kupoteza 3. Namba iliyokuwa 7 ilikwama kwenye 2, na msimu ukaisha.

Shilingi haikukosea hesabu. Kuna mambo matatu ambayo haikuyajua. La kwanza, zile mechi za ana kwa ana. Ukiwa kinara na ukapoteza kwa mfukuzaji, namba haisogei na yeye anasonga mbele, maana yake siku moja imekuchoma mara mbili. Phillies walikuwa nazo 6 kati ya zile 10. La pili, uchovu. Kocha Gene Mauch aliwarudisha warushaji wake wakubwa, Jim Bunning na Chris Short, baada ya siku 2 tu za mapumziko. Mkono wa mrushaji si shilingi. Mrusho wa leo unaukumbuka wa juzi. La tatu, wafukuzaji walikuwa wawili, na kila mmoja alitosha kukupindua.

Kuhusu wafukuzaji wengi kuna ncha nzuri ambayo wapenda hesabu wataifurahia. Namba ya ajabu hupigwa kwa timu mbili mbili, na ndiyo maana wakati mwingine husema timu bado ipo hai wakati imekwisha kufa. Chukua timu ambayo dari yake ni ushindi 90. Juu yake wapo wawili, kila mmoja ameshinda 90 tayari. Ukimpima na wa kwanza, namba ni 1, bado hajatolewa. Ukimpima na wa pili, ni 1 vilevile. Lakini wale wawili wamebakiza mechi moja, wao kwa wao, na besiboli haina sare. Mmoja wao lazima afike 91. Huyu wa chini alikwisha kuaga kabla mpira haujarushwa. Mwaka 1966 mwanahisabati Benjamin Schwartz alionyesha kwamba swali la nani bado anaweza kushinda hutatuliwa kwa njia ileile inayotumika kupima ni maji kiasi gani yanaweza kupita katika mtandao wa mabomba, na hadi leo mfano huo hufundishwa madarasani.

Tiketi za mchujo zikiwa nyingi kama ilivyo sasa, kila timu hupimwa na yule wa mwisho aliye ndani au wa kwanza aliye nje. Tangu 2022 kuna jingine la kukumbuka: mechi ya ziada ya kuamua waliolingana imefutwa, na kipimo cha kwanza ni matokeo yao walipokutana. Kwa hiyo timu iliyokwisha kumzidi mpinzani katika mechi za ana kwa ana inatosheka na kulingana. Kwake hesabu huanzia 162, si 163, na namba iliyochapishwa inaweza kuwa kubwa kwa moja kuliko ukweli.

Utabiri wenyewe, zile asilimia unazoziona kila asubuhi, hupikwa kwa njia nyingine. Anza na swali la timu hii ni nzuri kiasi gani. Jibu la haraka ni kutazama ushindi wake, lakini ushindi hudanganya, kwa kuwa timu inaweza kushinda mechi 10 kwa mkimbio mmoja mmoja kwa bahati tu. Bill James, mtu aliyebadilisha namna Wamarekani wanavyoutazama mchezo huu, alipendekeza kutazama mikimbio yenyewe: zidisha iliyofungwa kwa yenyewe, kisha igawe kwa jumla yake na iliyofungwa dhidi yako, nayo ikiwa imezidishwa kwa yenyewe. Timu iliyopata mikimbio 750 na kuruhusu 650 hutoka na 0.571, yaani ushindi 92 au 93 kwa msimu. Kama imeshinda 98, shuku. Huenda bahati imeibeba.

Ukishajua nguvu za timu, chukua ratiba iliyobaki na kuicheza kwenye kompyuta. Kila mechi inapigiwa bahati nasibu yenye uzito: mwenye nguvu zaidi anapewa nafasi kubwa zaidi, mwenye uwanja anaongezewa kidogo. Msimu ukiisha unaandika nani kaingia mchujo, unaufuta, unaanza upya, maelfu ya mara. Ikiwa timu imeingia katika misimu 870 kati ya kila 1,000, imepewa asilimia 87. Mbinu hii inaitwa Monte Carlo, kwa jina la mji wa kamari wa Monaco, na mizizi yake ni Stanislaw Ulam, mwanahisabati wa maabara ya Los Alamos, Marekani, aliyeiwaza mwaka 1946 akicheza karata peke yake.

Mtabiri wa namna hii hapimwi kwa siku moja. Kusanya timu zote alizozipa asilimia 90: katika kila 10, moja inatakiwa ianguke. Zikifaulu zote 10 mwaka hadi mwaka, basi hesabu zake ni za woga. Ndiyo maana neno "haiwezekani" halipaswi kutumika mpaka namba ya ajabu ifike sifuri. Hapo ndipo vitu hivi viwili vinapokutana, na hapo tu.

Nalisema hili nikiukumbuka usiku wa Septemba 28, 2011. Kwetu Afrika Mashariki mechi za saa 1 jioni za kule huanza saa 8 usiku, kwa hiyo yote haya yalikuwa ya usiku wa manane hadi asubuhi. Hadi asubuhi ya Septemba 4 Boston Red Sox walikuwa 84 kwa 54 na Tampa Bay Rays 75 kwa 63, wakiachwa mechi 9 katika kugombea nafasi moja ya ziada iliyokuwepo enzi zile. Asilimia za Boston zilizidi 99. Siku ya mwisho ikawakuta wamelingana. Boston wakaongoza 3-2 ugenini dhidi ya timu ya Baltimore, mvua ikasimamisha mechi. Rays wakawa nyuma 7-0 dhidi ya Yankees hadi zamu ya 8 kati ya zamu 9 za mechi. Yankees walikwisha kujihakikishia divisheni na warushaji wao bora walikuwa wamepumzishwa, jambo ambalo kompyuta haikuambiwa.

Rays wakapata 6 katika zamu ya 8. Zamu ya 9, likiwa limebaki kosa moja tu la mpigaji mechi iishe, Dan Johnson, aliyekuwa amepiga vibaya msimu mzima, akautoa mpira nje ya uwanja: 7-7. Kule Baltimore, Jonathan Papelbon, mrushaji wa Boston, alikuwa amewatoa wapigaji wawili kati ya watatu wa kumaliza mechi na hakuna aliyekuwa kituoni. Chris Davis akapiga, Nolan Reimold akapiga, 3-3. Kisha Robert Andino akaupiga mpira wa chini kuelekea kushoto, Carl Crawford wa Boston akauteleza kwa magoti ukamponyoka, na Baltimore wakashinda 4-3. Saa 6 usiku na dakika 2 kwao. Dakika 3 baadaye, zamu ya 12, kwa kuwa waliolingana huongezewa zamu, Evan Longoria akaupitisha mpira juu ya ukuta mfupi wa kona ya kushoto, Rays wakashinda 8-7.

Septemba 4 namba ya ajabu ya Boston ilikuwa 16, na mechi za kuipunguza zilikuwa 48. Zilizowaangukia ni 14.