Kabla hujampigia simu ya video mshiriki mwenye ulemavu kujaribu tovuti yako

Malalamiko mengi yanayofika kitengoni kwetu siku hizi yanahusu menyu. Mtu asiyeona yuko Nansio, anatelezesha kidole kwenye simu, TalkBack, kisoma skrini cha Android (programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini), inamsomea: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Vyote vina vipicha vya kupendeza, hakuna hata kimoja kilichopewa jina.

Ndiyo maana tunazishauri taasisi za Mwanza zijaribu tovuti zao na watumiaji wenyewe, kwa mbali, kila mtu akiwa kwake na kifaa alichokizoea. Mkazi wa Ukerewe asisumbuliwe kupanda meli aje kukaa mbele ya kompyuta asiyoijua. Mwenye ualbino aliye na uoni hafifu atakuza maandishi kama anavyokuza kila siku, na hapo utaiona menyu yako ikimeza nusu ya skrini. Na hapana, kile kitufe cha "A+" cha kukuza maandishi kwenye tovuti hakitoshi. Tumeshalisema hili mara nyingi.

Kuhusu ridhaa: taarifa za afya ya mtu ni taarifa binafsi nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo ridhaa iwe ya maandishi na itangulie jaribio. Fomu itumwe kama maandishi halisi. Picha ya karatasi yenye mhuri iliyorushwa WhatsApp, kisoma skrini huenda kikaipita tu. Anayefichua taarifa binafsi kinyume na lengo la kukusanywa kwake anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5.

Mshiriki anapoonesha skrini, hakikisha na sauti ya simu yake inawafikia, la sivyo mtakuwa mnatazama sinema bubu. Mwombe kwanza azime arifa, maana kisoma skrini kitatangaza salio lake la M-Pesa mbele ya timu nzima. Kwa kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama aonekane muda wote.

Mpe kazi, usimpe njia. "Tafuta mahali pa kuomba leseni ya biashara" inatosha. Ukisema "bonyeza Huduma" umeshaharibu. Kisha nyamaza, hata akipotea. Hasa akipotea.

Bando na posho vitumwe kabla ya jaribio.