Maswali na majibu: kikundi cha kuacha pombe, na kosa la kusubiri "nitulie kwanza"

Uraibu wa pombe ni nini?

Ni ugonjwa. Mtu anakunywa kuliko alivyokusudia, anajaribu kupunguza anashindwa, na anaendelea huku kazi, ndoa au ini vikiharibika. Aina ya kinywaji haijalishi. Bia nayo ni pombe. Na anayelazimika kuzimua asubuhi ili mikono iache kutetemeka hana haja ya kuendelea kujiuliza kama ana tatizo.

Kikundi cha kusaidiana kinafanya nini hasa?

Watu wenye tatizo hilohilo wanakaa pamoja, mara nyingi kwa saa moja hivi, wanasimuliana jinsi wanavyoipitisha siku bila kunywa. Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, yaani AA, kilichoanza mwaka 1935 huko Akron, Marekani. Waanzilishi wake wawili walikuwa walevi wenyewe, na mmoja wao alikuwa daktari wa upasuaji. Hakuna ada, na watu huitana kwa jina la kwanza tu.

Si ni afadhali niache kwanza, ndipo niende?

Hapana. Hili ndilo linalotuchosha sisi wa hospitali kuliko yote. Mgonjwa anaambiwa mkutano upo, anaitikia kwa adabu, kisha anasema: "Nitaenda nikishatulia." Tunamwona tena miezi kadhaa baadaye, macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji, bado hajatulia na bado hajaenda. Kikundi kipo kwa ajili ya mtu ambaye hajaweza kuacha. AA wana sharti moja tu la kuwa mwanachama: uwe unataka kuacha pombe. Kutaka, si kuwa umeshaacha.

Hata kama siku hiyo nimekunywa?

Hata kama umekunywa. Kaa nyuma, usikilize, usifanye fujo. Huenda usiruhusiwe kuzungumza siku hiyo, na hilo si kufukuzwa.

Basi nijifungie nyumbani siku chache, pombe itoke mwilini, halafu niende?

Hapana, tena hapana! Kwa mtu anayekunywa sana kila siku, kukata pombe ghafla bila usimamizi kunaweza kuua. Ndani ya saa 6 hadi 24 huanza kutetemeka, jasho, kutapika na kukosa usingizi. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu wasiokuwepo, mwili unachemka na moyo unakwenda mbio.

Wagonjwa hawa tunaletewa ulimi umeng'atwa na nguo zimelowa mkojo, na ndugu anatueleza kwa fahari kwamba wamemfungia chumbani na hajagusa glasi tangu juzi. Ndugu, msimfungie. Mleteni hospitali kabla hajaacha. Zipo dawa za kumtuliza, kama diazepamu, na vitamini B1 ya kukinga ubongo. Akipata degedege au akianza kuweweseka, ni dharura ya saa hiyohiyo, si ya kesho asubuhi.

Mkutano naupataje?

Uliza kliniki ya afya ya akili au kitengo cha uraibu katika hospitali iliyo karibu. Tovuti ya AA inaelekeza kwenye ofisi zao za nchi mbalimbali, na ipo pia mikutano ya mtandaoni unayoweza kuhudhuria kwa simu ukiwa kwako. Mkutano wa wazi unaruhusu yeyote, hata ndugu aliyekusindikiza. Mkutano wa faragha ni wa wenye tatizo la pombe tu, na wewe mgeni unayetaka kuacha unahesabiwa humo. Piga simu kwanza kuhakikisha siku na saa, maana ratiba hubadilika, na mtu aliyekuta mlango umefungwa harudi kirahisi.

Kikundi cha kwanza kisipokukalia vizuri, jaribu kingine. AA hufuata hatua kumi na mbili za kuacha pombe, na baadhi zinamtaja Mungu; wasiozipenda wanaweza kutafuta SMART Recovery, kikundi kingine cha kusaidiana kisichotumia hatua hizo.

Mke wangu anaweza kuniwakilisha?

Hawezi. Ila naye anahitaji pa kusemea. Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951, ni cha ndugu na marafiki wa wanywaji, na anaweza kwenda hata kama wewe umekataa kwenda kwako.

Nilihudhuria, kisha nikanywa tena. Nisubiri nitulie ndipo nirudi?

Tumerudi kwenye wimbo uleule. Usisubiri! Nenda mkutano unaofuata, ukiwa na aibu yako hivyohivyo. Waliokaa kwenye viti vile wengi wameanguka pia, na hawatashangaa. Kama ulisharudia kunywa kila siku, pitia hospitali kabla ya kukata tena.

Kikundi kikinisaidia, dawa niache?

Usiache. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2020 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulionyesha kwamba AA na programu zinazofuata hatua zake husaidia watu kukaa bila pombe sawa na tiba nyingine za mazungumzo, au zaidi. Hilo halifuti dawa. Naltreksoni hupunguza hamu ya pombe, na wengine wanatumia dawa za sonona kwa wakati huohuo. Mwenzako kikundini akikwambia mtu aliyepona kweli hamezi vidonge, mshukuru kwa chai, kisha vidonge umeze kama ulivyoandikiwa.